Biodentine kwenye jino ambalo mzizi haujakomaa: inachofanya na isichofanya

Jino la mbele la juu la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 7 hadi 8, lakini mzizi wake haukamiliki mpaka anapokaribia miaka 10. Gego la kwanza la kudumu, lile linalojitokeza nyuma ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka na ambalo wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, huota kwenye miaka 6 na kumaliza mizizi kwenye miaka 9 au 10. Kwa hiyo kila jino la kudumu lina kama miaka 3 ambapo taji, sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, limeshatoka, linatafuna, linatoboka na linavunjika, huku chini mzizi ni mfupi, kuta zake ni nyembamba na ncha yake iko wazi. Kiini, yaani tishu laini yenye neva na mishipa ya damu iliyo ndani ya jino, kikifa katika muda huo, mzizi unasimama palepale ulipofika. Jino laweza kuzibwa kwa ustadi mkubwa na bado likakatika shingoni baada ya miaka michache, kwa kuwa hakuna ukuta wa kulishikilia.

Biodentine, inayotengenezwa na kampuni ya Septodont ya Ufaransa, ni simenti ya silikati ya kalsiamu iliyoingia sokoni mwaka 2009. Kijitabu chake kinaitaja kwa kazi nyingi: kuziba tundu lililotoboka ubavuni mwa mzizi, kuziba ncha wakati wa upasuaji, kujaza chini ya zibo lenye kina. Hizo hatuzigusi hapa. Tunaipima kwa kazi moja tu, yaani kulinda jino ambalo mzizi wake bado unajengwa.

Kwa jino ambalo kiini chake kingali hai, ni miongoni mwa simenti bora zinazopatikana, na inastahili kuwepo katika kliniki yoyote inayotibu watoto. Kwa jino ambalo kiini kimekufa, ni kifuniko kizuri chenye masharti yake. Ila katika hali zote mbili, simenti hii haioteshi mzizi. Muuzaji akikuambia inauotesha, amekosea. Mzizi hujengwa na seli za mtoto mwenyewe zikiongozwa na vichocheo vya ukuaji, nayo simenti inachotakiwa ni kuziacha hai, kuwazuia bakteria, na kutoharibu ujumbe unaopita kati ya seli na seli. Hicho ndicho kipimo tutakachotumia.

Nani hasa anajenga mzizi

Taji likishakamilika, tabaka la ndani na la nje la epitheli (utando wa seli) iliyotengeneza enameli, ganda gumu la nje la taji, hukutana shingoni mwa jino na kuteremka chini zikiwa tabaka mbili tu za seli. Huo ndio utando unaoitwa ala ya Hertwig, kwa jina la Oskar Hertwig, Mjerumani aliyeueleza katika karne ya 19. Ala hiyo ndiyo inayochora umbo la mzizi: urefu wake, idadi ya mizizi, na mahali inapogawanyika. Ndani yake kuna papila ya ncha, tishu laini iliyojaa seli shina zitakazokuwa odontoblasti na kutengeneza dentini, sehemu ngumu ya ndani, ya mzizi. Nje yake kuna kifuko cha jino, ambacho seli zake hutoa sementamu, tabaka gumu linalofunika mzizi, na nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa.

Mengi tunayojua kuhusu mawasiliano ya sehemu hizi tatu yametoka kwa panya, na yanatufaa sana. Kichocheo FGF10 kinapokuwepo, epitheli huendelea kujenga taji. Kikipungua, ndipo ala hutokea na mzizi huanza. Jino la mbele la panya, linalokua maisha yake yote, halipitii mabadiliko hayo. Vichocheo vya ukoo wa TGF-β, wakiwemo BMP, hupitisha amri yao ndani ya seli za ala kupitia protini iitwayo Smad4. Ukiiondoa protini hiyo kwenye epitheli ya jino, mzizi hauendelei. Ala nayo hutuma protini ya ujumbe iitwayo Shh kuelekea papila, na huko jeni ya Nfic hutakiwa ifanye kazi. Panya wasio na Nfic huota magego yenye taji la kawaida kabisa yasiyo na mizizi. IGF-1 huzifanya seli za ala ziongezeke. Kazi ikiisha, ala hupasuka vipandevipande, seli za kifuko hugusa dentini mpya, na sementamu huanza kuwekwa.

Kwa daktari aliyeshika drili, hili lina maana ya moja kwa moja. Ala na papila zikiwa hai chini ya kiini kilichojeruhiwa juu, mzizi unaweza kuendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Zikifa, hakuna chupa wala kapsuli dukani inayozirudisha. Ndiyo maana kila milimita ya kiini hai unayoinusuru ina thamani kuliko simenti yoyote utakayoiweka juu yake.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Dentini yenyewe ni ghala. Wakati odontoblasti zinaiweka, huzika ndani yake TGF-β1, BMP, VEGF, IGF, FGF-2 na vichocheo vingine, na vyote hubaki humo vimefungwa pamoja na madini. Asidi ya kuoza kwa jino huvifungua, EDTA, kimiminika cha kuoshea mzizi kinachoondoa madini, huvifungua, na hidroksaidi ya kalsiamu huvifungua kidogokidogo. Biodentine inapoganda hutoa hidroksaidi ya kalsiamu, na pH yake hufika karibu 12. Kwenye maabara imeonekana pia kuongeza TGF-β1 inayotolewa na seli za kiini zenyewe, na kichocheo hicho ni mojawapo ya vinavyoita seli zije kujenga daraja la dentini, ukuta mpya unaokifunika kiini. Kwa hiyo neno "hai" ambalo watengenezaji hulipenda lina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba mlango huo huo hufunguliwa pia na MTA, simenti ya silikati ya kalsiamu iliyotangulia Biodentine, na hata poda ya hidroksaidi ya kalsiamu ya bei nafuu. Tofauti ya Biodentine iko kwingine: namna inavyogandia mahali pake, inavyoziba, na inavyoliacha jino katika rangi yake.

Kapsuli na uchanganyaji

Kila dozi ina kapsuli ya poda ya gramu 0.7 na kichupa kidogo cha kimiminika. Poda ni silikati ya kalsiamu, kalsiamu kaboneti, na oksidi ya zirkoni ya kuifanya ionekane kwenye eksirei. Kimiminika ni maji yenye kloridi ya kalsiamu, inayoharakisha kuganda, na polima inayopunguza maji yanayohitajika. Hakuna kitu kilichotokana na mnyama, na hili tutalirudia tukifika kwenye kolajeni, protini ya wanyama inayowekwa chini ya simenti.

Gonga kapsuli mezani kwanza ili poda iliyoshikana ilegee, kisha ifungue. Shika kichupa wima, kigonge kidogo kimiminika kiteremke, zungusha mfuniko, na udondoshe matone 5 kamili. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukikamua kwa nguvu au ukikilaza kichupa, tone huja na povu, na matone 5 yenye povu si matone 5. Mchanganyiko ukitoka kama mchanga mbichi, karibu kila mara sababu ni hiyo, au mashine. Funga kapsuli, iweke kwenye amalgameta, mashine ya kutikisa kapsuli, itikise kwa sekunde 30 kwa mizunguko 4000 hadi 4200 kwa dakika. Amalgameta nyingi za zamani hazifiki kasi hiyo. Simenti inatoka na punje ndani, na punje hizo ni poda ambayo haikupata maji. Kabla ya kununua boksi la kwanza, soma kasi iliyoandikwa nyuma ya mashine yako.

Ikitoka laini mno, usiongeze chochote. Subiri sekunde 30 hadi dakika 1, itajikaza yenyewe ifikie uzito wa kushikika. Kuganda kwa mwanzo huchukua kama dakika 12 tangu uanze kuchanganya, na nusu ya kwanza ya muda huo ndiyo ya kuifanyia kazi. Osha vifaa papo hapo, kwa kuwa simenti iliyokaukia kwenye spatula haitoki kwa urahisi.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, unyevu wa hewa ni adui wa poda hii. Kapsuli ibaki kwenye pakiti yake mpaka mgonjwa awe kitini. Boksi lililokaa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi hata kabla ya tarehe yake kuisha laweza kukupa simenti inayoganda vibaya, na dalili ya kwanza ni mabonge yasiyovunjika unapogonga.

Kiini kikiwa hai: hapa ndipo inang'ara

Jino limevunjika na kiini kimeonekana, au gego limetoboka mpaka kwenye kiini lakini bado linasikia baridi. Kipimo cha umeme hakiaminiki kwa meno haya kwa sababu neva zake hazijakomaa. Baridi ni bora zaidi. Kwenye eksirei, piga picha na jino la upande wa pili ulinganishe. Ncha iliyo wazi huonyesha duara jeusi lenye mpaka mweupe uliokamilika. Hiyo ni papila, ndiyo kiwanda cha mzizi, wala si usaha. Wapo wanaoliona duara hilo wakasema jino limeoza chini, wakakitoa kiini chote, na kwa kufanya hivyo wakasimamisha mzizi uliokuwa unakua vizuri.

Choma ganzi, tenga jino kwa shiti ya raba, na ulisafishe kabla ya kugusa kiini. Kwa jino la mbele lililovunjika, kata kiini milimita 2 tu kwa kichwa cha almasi, kasi kubwa, maji mengi. Njia hii ilienezwa na Miomir Cvek aliyeandika juu yake mwaka 1978 akitumia hidroksaidi ya kalsiamu, na matokeo yake yalikuwa mazuri sana. Kwa gego lililooza, mara nyingi ni bora kutoa kiini chote cha kwenye taji na kuishia kwenye midomo ya mizizi. Usitumie kijiko kuvuta kiini, maana kinaweza kunyanyuka kizima kutoka ndani ya mzizi mchanga ambao hauna mkazo wa kukishika.

Damu ndiyo itakayokwambia kama umefika kwenye tishu yenye afya. Weka pamba iliyoloweshwa sodiamu hipokloriti (dawa ya kuua bakteria) ya 1.5% hadi 3%, bila kukandamiza, kwa dakika 5. Ikiacha kutoka, endelea. Ikiendelea, tishu iliyobaki bado ina uvimbe. Kata milimita nyingine 1 au 2 na urudie. Pamba kavu haifai kabisa, kwani ukiiondoa inang'oa damu iliyoganda na unaanza upya. Wala usiweke simenti juu ya damu iliyoganda kwa unene. Damu hiyo huwa ukuta kati ya simenti na kiini, nayo huja kuwa chakula cha bakteria.

Weka Biodentine yenye unene usiopungua milimita 2 hadi 3, igonge taratibu kwa pamba iliyolowa kidogo, usiisukume. Faida yake kubwa juu ya MTA inaonekana sasa. ProRoot MTA, aina moja ya MTA, huchukua karibu saa 3 kuganda, hivyo zibo la kudumu hukawia au huwekwa juu ya kitu laini. Biodentine inakuruhusu ulijaze tundu lote, usubiri dakika 12, na mtoto aende nyumbani na jino lililozibwa. Inaweza kukaa kama zibo la muda hadi miezi 6. Kwa mtoto anayetoka mbali, anayeshuka kisiwani kwa boti au anayekuja mjini kwa basi la alfajiri, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jino lililoachwa na dawa ya muda inayovuja ndilo linalorudi na jipu.

Usimwagie maji ikiwa mbichi na usiipake mapema asidi ya kuandalia kompositi, zibo la rangi ya jino. Kompositi haishiki vizuri juu ya Biodentine ya siku hiyo hiyo. Ama uache simenti kwa wiki 2 au zaidi kisha uikate juu na kuweka kompositi, ama uifunike siku ileile kwa glasi ionoma, simenti ya kuzibia, kisha kompositi juu yake. Njia ya pili ina kazi zaidi lakini haimtegemei mgonjwa kurudi, na kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo tungeichagua.

Upungufu wake hapa ni mmoja wa kweli: kwenye eksirei inakaribiana na dentini, hivyo ni vigumu kuona ilipoishia na dentini ilipoanza, au kama daraja jipya limejengeka chini yake. Piga picha siku ileile ya matibabu, pembe ileile utakayoitumia baadaye, uwe na cha kulinganishia.

Kiini kikiwa kimekufa: punguza matarajio

Mtoto huletwa miezi baada ya kuanguka, jino limebadilika rangi, kuna kijipu kwenye fizi. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuziba ncha iliyo wazi kwa simenti yenye unene wa milimita 4 hadi 5 na kujaza mzizi. Ni salama, inatabirika, ila mzizi unabaki mfupi na mwembamba milele. Ya pili ni kuhuisha: kusafisha bila kukwangua kuta, kuruhusu damu ijaze mzizi ikileta seli shina kutoka eneo la ncha, na kuifunika juu. Njia hii ilipata nguvu baada ya taarifa ya madaktari wa Japani mwaka 2001 na ya Banchs na Trope mwaka 2004.

Katika njia ya pili, Biodentine ni kitu cha mwisho kuwekwa, na kufaulu kwake kunategemea yaliyofanyika kabla yake. Siku ya kwanza, osha kila mfereji kwa ml 20 za hipokloriti ya 1.5% kwa dakika 5, yaani ml 4 kwa dakika, polepole, kwa sindano yenye tundu ubavuni iliyosimama milimita 1 kabla ya ncha. Ukiwa na chupa ya 5%, chukua ml 30 uongeze ml 70 za maji yaliyosafishwa. Ukiwa na ya 3%, changanya nusu kwa nusu. Dawa ya nguoni yenye manukato isiingie mdomoni mwa mtoto. Sababu ya kushuka hadi 1.5% si uoga wa kuungua peke yake. Hipokloriti kali, kama ya 6%, huharibu vichocheo vilivyo kwenye uso wa dentini na kuuacha uso huo ukiwa sumu kwa seli shina za papila. Klorheksidini ni mbaya zaidi kwa seli hizo, na ikikutana na hipokloriti hutoa mashapo ya kahawia. Iache nje kabisa ya utaratibu huu. Kisha weka hidroksaidi ya kalsiamu, ziba kwa milimita 3 hadi 4 za zibo la muda, na umwite mtoto baada ya wiki 1 hadi 4. Mchanganyiko wa antibayotiki tatu nao hutumika, lakini kwa kiwango kidogo cha mg 1 hadi 5 kwa ml. Uji mzito unaotengenezwa kwa kukadiria macho huua bakteria na seli shina pamoja, na minosaiklini iliyomo hulifanya jino liwe la kijivu.

Siku ya pili ndiyo siku ya vichocheo. Tumia ganzi isiyo na adrenalini, kama mepivakaini ya 3%, maana adrenalini hufunga mishipa na damu haitokei. Ondoa dawa, kisha osha kwa ml 20 za EDTA ya 17%. Ikiwa kuna hatua moja ya kutoikata hata siku ikiwa na foleni ndefu, ni hii. EDTA huondoa madini ya uso wa dentini na kuifungua ile ghala: TGF-β1 na wenzake hujitokeza mahali hasa ambapo seli zitatua. Pia hurekebisha sehemu kubwa ya madhara yaliyoachwa na hipokloriti, ndiyo maana ni lazima ije mwisho. Ukirudi tena kwenye hipokloriti baada ya EDTA, umeyafuta uliyoyaandika.

Kausha kwa vijiti vya karatasi. Pinda faili, ipitishe milimita 2 nje ya ncha na kuizungusha mpaka damu ipande hadi karibu na shingo ya jino. Isipotoka, sababu za kawaida ni ganzi yenye adrenalini au tishu iliyokufa mpaka nje ya ncha. Subiri kama dakika 15 igande. Sasa ndipo Biodentine inapokuwa na kasoro: ni nzito na ina maji, na ukiiweka moja kwa moja juu ya damu itazama. Simenti iliyozama katikati ya mzizi imechukua nafasi ambayo ukuta ungenenepa, na imeiacha shingo, sehemu dhaifu kuliko zote, bila kitu. Weka kipande cha kolajeni kwanza, kisha simenti milimita 3, kisha glasi ionoma na kompositi.

Kuhusu kolajeni, soma asili yake kwenye pakiti. Ipo ya ng'ombe na ipo ya nguruwe. Kwa wagonjwa Waislamu, mzazi aelezwe kabla, si baada. Hali ni hiyo kwa Emdogain, protini za enameli changa zitokanazo na nguruwe, ambayo baadhi ya watu huitaja katika mazungumzo ya vichocheo vya mzizi. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya fizi na mfupa unaolizunguka jino, si kwa kuendeleza mzizi wa mtoto.

Kliniki nyingine hutoza zaidi kwa kutumia fibrini yenye chembe sahani, ile inayotengenezwa kwa kuzungusha damu ya mgonjwa mwenyewe. Inafanyika hivi: mirija ya ml 10 isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, na mashine ianze kuzunguka mara tu damu inapotolewa, mizunguko 2700 kwa dakika 12. Lakini mizunguko peke yake haikuambii nguvu. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 8 hutoa nguvu ya kama g 650, yaani mara 650 ya mvutano wa dunia, kwa mizunguko hiyo. Ya sentimita 11 hutoa kama g 900, na utando unaopatikana si ule ule. Ni kweli fibrini hutoa PDGF, TGF-β1 na VEGF kwa siku kadhaa, na hubeba simenti vizuri kuliko damu tupu. Hata hivyo, tafiti zilizoilinganisha na damu ya kawaida ya ncha hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba mzizi unakua zaidi. Mtoto anayeogopa sindano asiongezewe sindano ya mkononi kwa ahadi hiyo.

Mzazi ana haki ya kuambiwa ukweli mmoja zaidi. Meno yaliyohuishwa ambayo baadaye yalichunguzwa kwa hadubini mara nyingi yamekutwa na tishu kama sementamu, kama mfupa na nyuzi ndani ya mzizi, si dentini mpya yenye odontoblasti zilizojipanga. Jipu hupona, ukuta unaweza kunenepa, ncha inaweza kufunga. Yote hayo ni mema na yanatosha kulipigania jino. Ila ule ukuaji wa kawaida unaoongozwa na ala ya Hertwig haurudi kwa uhakika, na hakuna simenti inayoweza kuuahidi.

Ukilinganisha na nyingine

MTA ina historia ndefu zaidi. Ilianzia Loma Linda, Marekani, kwa Torabinejad na wenzake miaka ya 1990. Kwa kulinda kiini, matokeo yake na ya Biodentine yanakaribiana sana. MTA inaonekana vizuri zaidi kwenye eksirei. Lakini oksidi ya bismuthi iliyomo kwenye aina nyingi hugeuka rangi ikikutana na hipokloriti, na jino la mbele la binti wa miaka 9 hubaki na kivuli cha kijivu shingoni. Kwa jino la mbele, hiyo peke yake inatosha kuchagua Biodentine, ingawa nayo huweza kubadilika kidogo ikilowa damu. Kwa ncha pana iliyo wazi ambako unataka kuona kila milimita ya simenti, MTA bado ni chaguo zuri.

Hidroksaidi ya kalsiamu ya poda ni rahisi mno kwa bei na ndiyo iliyotumika katika kazi za mwanzo. Huamsha vichocheo vilevile. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka na wakati, na daraja linalojengeka chini yake mara nyingi lina vijitundu, hivyo maisha ya kiini yanategemea kabisa zibo la juu lisivuje. Kliniki isiyo na amalgameta ya kasi inaweza kuitumia kwa jino lililovunjika leo, ikaifunika kwa glasi ionoma iliyo imara, na jino hilo likawa na nafasi nzuri. Kumpa mtoto rufaa ya wiki 3 mbele kusubiri Biodentine, kiini kikiwa wazi, ni kosa kubwa kuliko kutokuwa nayo.

Gharama ya Biodentine inauma kwa sababu kapsuli ni ya mara moja. Jino moja hutumia sehemu ndogo ya gramu 0.7 na nyingine hutupwa, haihifadhiki. Panga watoto wawili siku moja, au magego mawili ya mtoto mmoja kwa kikao kimoja, na bei kwa jino inashuka nusu. Mashimo yote yawe tayari na damu imekoma kabla ya kubonyeza kitufe cha amalgameta.

Baada ya hapo mwite mtoto miezi 6, 12 na 24. Jipu na weusi wa kwenye mfupa vinapaswa kupungua ndani ya miezi 6 hadi 12. Ukuta kunenepa huonekana zaidi kati ya miezi 12 na 24. Kila mara piga eksirei ya jino la upande wa pili pia. Kwa jino lililokuwa na kiini hai, lile la pili ndilo rula yako: kama mwenzake amerefuka na kufunga ncha lakini lililotibiwa limebaki pale pale kwa mwaka, kiini kimekufa kimyakimya hata kama mtoto hana maumivu, na ni wakati wa kulifungua.